Wapagazi wa Kilimanjaro na Haki ya Jasho Lao

Katika nembo ya Taifa letu wamechorwa mwanamume na mwanamke, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu, na miguu yao imesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Hawakubeba mzigo wa mtu. Lakini apandaye mlima wenyewe, ule wa mawe na barafu, ataona jambo jingine. Kwa kila mgeni mmoja apandaye, vijana wetu watatu au wanne, pengine zaidi, hupanda pamoja naye na mahema yake, viti vyake, mitungi ya gesi, mayai, maji, na mara nyingine hata choo chake, wakiwa wamevitwika vichwani na mabegani. Hao ndio wapagazi. Wao wenyewe hujiita wagumu, na jina hilo si la mzaha.

Twaandika habari zao katika ukurasa huu, wala si katika ukurasa wa matembezi, kwa sababu moja. Kilimanjaro imeandikwa sana. Imeandikwa theluji yake, maua yake na wanyama wa msitu wake; vitabu vya wageni vimejaa mashauri ya viatu gani vivaliwe na dawa gani zimezwe. Kazi ya kuupanda haikuandikwa hivyo, na kazi ndiyo habari ya gazeti la Chama kilichoundwa na wakulima na wafanyakazi. Mahali penye mtu anayechukua mzigo kwa ujira pana suala la ujira huo, la chakula, la nguo, la mkataba, na la nani atakayemsemea. Masuala hayo hayayeyuki kwa kuwa mahali penyewe ni pazuri.

Tuanze na historia, maana upagazi wa mlimani una mizizi mirefu. Vitabu vya Wazungu vyasema ya kuwa theluji ya Kilimanjaro ilionekana tarehe 11 Mei 1848, siku mmisionari Johannes Rebmann alipotazama akaona weupe kileleni. Aliyemwongoza njia kutoka pwani aliitwa Bwana Kheri. Rebmann alipomwuliza kiongozi wake kitu kile cheupe ni nini, alijibiwa neno moja tu: baridi. Mabingwa wa jiografia huko London walibisha kwa miaka kadhaa, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wachaga hawakuwa na haja ya ubishi huo. Walikuwa wakiyateremsha maji ya mlima kwa mifereji na kuyamwagia migomba yao. Sisi tuliosomea skuli za misheni tulifundishwa jina la Rebmann sambamba na hesabu za kuzidisha. Jina la Bwana Kheri tulilikuta wenyewe baadaye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kilele pia. Mjerumani Hans Meyer alifika juu tarehe 6 Oktoba 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu, lakini alikamatwa na watu wa Abushiri katika vita vya pwani, akaachiliwa kwa fidia. Basi historia ya mlima huu ingaliweza kuandikwa vingine kabisa. Safari yake ya tatu ilifaulu kwa sababu ya chakula. Alifanya Marangu, kwa Mangi Mareale, kuwa kituo chake kikuu, akapanga kambi nyingine juu yake, na wapagazi wakawa wanapandisha mahitaji kutoka chini kila baada ya siku chache. Katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, alikaa na wale Wazungu wawili mtu mmoja, Mwini Amani wa Pangani, akiwapikia na kulinda hema kwa muda uliozidi wiki mbili. Hebu fikiri, msomaji: mtu wa minazi na bahari, katika baridi ya kugandisha maji, anangoja peke yake mchana kutwa watu wawili warudi kutoka barafuni, na mwaka huo huo mji wake wa Pangani umeingia mikononi mwa Wajerumani kwa mizinga. Huko Marangu yatajwa pia jina la Yohani Kinyala Lauwo, aliyetambuliwa katika sherehe za mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, kuwa mmoja wa walioongoza msafara ule, naye akafariki mwaka 1996.

Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaiser wake. Jina hilo lilikwisha kwa Uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera yetu na Mwenge pale juu, na tangu hapo mahali pale pameitwa Uhuru. Twajivunia jambo hilo, na ni haki yetu kujivunia.

Lakini upagazi wenyewe haukuanza na Meyer. Kabla yake Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wamekwisha kuifanya njia ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji kuwa barabara kuu ya nchi, mtu mmoja akichukua frasila mbili za pembe au vitambaa, yaani zaidi ya kilo 30. Watu wale hawakuwa wanyonge kama wadhanivyo wengine. Walijua bei ya mabega yao. Walidai posho, na neno hilo twalo mpaka leo, na mkuu wa msafara aliyewapunja aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wachukuzi hawapo. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wetu walisombwa kwa nguvu kuchukua risasi na unga wa majeshi ya wageni, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Mkazi wa Dar es Salaam anunuaye mchicha Kariakoo hutamka jina la kikosi chao kila siku, ingawa pengine hajui.

Hivi majuzi tulipanda wenyewe kwa njia ya Marangu ili tuione kazi hii kwa macho. Hatukwenda kileleni, wala hilo halikuwa kusudi letu. Tulilala usiku mmoja Mandara, penye mita 2,720, na usiku wa pili Horombo, penye mita 3,720, tukarudi.

Msitu wa chini ni mahali pa kumfanya mtu asahau shabaha yake. Miti imevaa ukungu na mvi za kuvu. Mbega hupita matawini na mikia yao myeupe kama wazee wenye kanzu za Ijumaa. Maji yasikika kila upande hata usipoyaona. Ukitoka msituni, nchi yabadilika ghafla. Miti yawa vichaka, vichaka vyawa nyasi, na upepo washika nguvu. Karibu na Horombo imesimama mimea ya ajabu, mirefu kuliko mtu, yenye mashina kama nguzo na vichwa vya majani makubwa, na majani makavu yameizunguka kama koti. Yasemwa koti hilo ndilo linaloikinga na baridi ya usiku. Kunguru wenye mabaka meupe shingoni huja kuokota makombo. Kwa mbali waiona Mawenzi imechongoka, na ng'ambo yake Kibo, mviringo, na barafu iliyopungua sana: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Tulisimama kwa muda mrefu. Hatuoni haya kusema kwamba tuliona fahari.

Sasa watazame wagumu katika njia hiyo hiyo. Asubuhi mgeni anywapo chai, wao wanafunga mizigo. Mgeni huondoka kwanza na kiongozi wake, akitembea polepole kama alivyoshauriwa. Wagumu hubaki kusafisha, kisha hujitwika, hutoka mbio, humpita njiani wakisema jambo, nao humfikia kituoni kabla yake, ili akute maji ya moto na chakula. Marangu ndiyo njia yenye nyumba za kulala. Katika njia nyingine, kama Machame, Umbwe na Lemosho, hapana budi mahema yote, meza na viti vichukuliwe pia, na kila jioni vijengwe upya, hata mvua ikinyesha. Wanawake nao wamo katika kazi hii, na idadi yao yaongezeka.

Horombo tulikaa na kijana mmoja aliyekuwa akikausha soksi zake kwa moshi wa jiko. Alituamkia, "Shikamoo mzee," tukaitikia, tukamwuliza amepanda mara ngapi.

"Sijahesabu, mzee. Huu mwaka wa sita."

"Na kileleni, ndugu, umefika mara ngapi?"

Alicheka. "Kileleni? Sisi twaishia Kibo. Usiku ule wageni wanapanda na viongozi, sisi twalinda vyombo. Uhuru naijua kwa picha za simu zao."

Tulipomwuliza kama angependa kufika, alisema angependa kwanza apate viatu. Vile alivyovaa vilikuwa vya mitumba, na cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Hatukuwa na la kumjibu, tukampa sigara, naye akasema havuti. Mlima hautaki moshi.

Sheria ya hifadhi yaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na pale langoni mizigo hupimwa. Hilo ni jambo jema, tena lastahili sifa, kwa maana wazee wa kazi hii hukumbuka siku ambazo hapakuwa na mizani wala kikomo. Lakini mizani hupima mzigo tu. Haipimi ujira, wala chakula, wala nguo. Na hapo ndipo penye dhuluma.

Kiwango ambacho watetezi wa wapagazi wamekuwa wakikitaja ni Sh. 20,000/- kwa siku. Yako makampuni yanayolipa hivyo, na mengine yanayolipa zaidi, na wapagazi wayajua kwa majina na kuyagombania. Lakini wako waliotuambia wamepokea nusu ya fedha hizo, na wengine wameambiwa wangoje mwisho wa mwezi, kisha mwezi ujao, hata wakachoka kudai kwa kuwa nauli ya kwenda mjini kudai ilikaribia kuzidi deni lenyewe. Wako waliokula mlo mmoja kwa siku, ugali na mboga, huku vichwani wamechukua nyama na matunda ya wageni. Wako waliongoja wageni wamalize kula ndipo walale katika hema la meza, juu ya ardhi yenye maji.

Tufanye hesabu ndogo. Ada ya hifadhi kwa mgeni atokaye nje ya Afrika Mashariki imekuwa katika miaka ya karibuni dola 70 za Marekani kwa siku, mbali na kodi na mbali na malipo ya malazi. Kwa siku 6 hizo ni dola 420. Ada hiyo ni mali ya Taifa, yalinda msitu na kujenga skuli na zahanati, nasi hatuna ugomvi nayo. Mpagazi aliyelipwa kiwango chote hicho tulichokitaja, bila kupunjwa hata senti, hupata kwa siku hizo hizo 6 Sh. 120,000/-, ambazo kwa bei za fedha za miaka hii hazifiki dola 50. Wala halipwi kila juma. Msimu ukiwa mzuri aweza kupanda mara mbili kwa mwezi. Msimu ukiwa mbaya husimama langoni tangu alfajiri pamoja na wenzake makumi, wakitazama kila gari lishukalo, na jua likipanda hurudi nyumbani kwa miguu.

Wenye makampuni wana jibu lao, na haki yataka tulisikilize. Husema ushindani ni mkali. Mgeni atafuta bei ya chini katika intaneti, na kampuni ipandishayo bei hupoteza mteja kwa jirani yake. Ni kweli. Lakini tazameni kile kinachopunguzwa bei ikishuka. Ada ya hifadhi haipunguzwi. Mafuta ya gari hayapunguzwi. Nyama ya mgeni haipunguzwi, maana atalalamika. Kinachopunguzwa ni yule asiyeweza kulalamika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na hakuna mahali ambapo methali hiyo imekuwa kweli kwa mizani na kwa kilo kama katika lango la Marangu.

Wako pia wasemao kwamba bakshishi, au tipu kama iitwavyo huko, hufidia upungufu wote. Tuliona jinsi ilivyo. Siku ya mwisho wagumu hupanga mstari, huimba na kucheza, na wageni hufurahi na kupiga picha. Hatuzidharau nyimbo hizo. Ni nzuri, na mwenye kuimba ana furaha ya kurudi salama. Lakini mshahara ni haki na bakshishi ni hisani. Mtu mzima mwenye watoto hapaswi kucheza ngoma ili apate karo. Tena hisani hiyo mara nyingi hukabidhiwa mkononi mwa mtu mmoja, na kati ya mkono huo na wa mpagazi wa mwisho pana safari nyingine ya mlima.

Mwaka 2019, lilipotangazwa wazo la kujenga magari ya kuning'inia kwenye nyaya mlimani, wapagazi na viongozi wao walipaza sauti kwamba mkate wao watolewa kinywani. Magazeti yaliandika, nchi ikasikia. Jambo lililotushangaza ni kwamba katika kelele zile zote wachache sana waliuliza mkate wenyewe una ukubwa gani. Na Agosti 2022 mtandao wa intaneti ulifikishwa Horombo, ili mgeni aweze kupeleka picha zake kwao akiwa juu ya mawingu. Twashukuru kwa maendeleo. Nchi iwezayo kupandisha mtandao hadi mita 3,720 yaweza pia kuhakikisha kwamba mtu aliyeko penye mita 3,720 ana begi la kulalia.

Basi lifanyike nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ipo, nayo yataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi. Tatizo la mlimani ni kwamba mpagazi huajiriwa langoni kwa kuitwa kwa kidole, na akishuka siku ya sita uajiri umekwisha na shahidi hayupo. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: pale pale langoni, mzigo unapopimwa, karatasi ya ujira ionekane pia, yenye jina la mpagazi, siku zake, kiwango chake na sahihi ya mwajiri, na fedha zilipwe kwa simu yake mwenyewe, si kwa mkono wa mtu wa kati, ndani ya siku chache baada ya kushuka. Kampuni isiyo na karatasi isipite, kama vile mzigo wa kilo 25 usivyopita. Hili halihitaji sheria mpya. Lahitaji meza moja, kijana mmoja mwenye daftari, na mkubwa mmoja asiyeogopa simu za watu wenye makampuni.

Sehemu nyingine ya kazi ni ya wapagazi wenyewe. Vyama vyao viko zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina viongozi wake na mihuri yake, ilhali mwajiri ni mwerevu wa kuwachezea wote. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947 walikuwa watu wa kuitwa kwa siku, kama wagumu wa leo, nao walidhaniwa hawawezi kushikamana. Ilipofika mwaka 1955 wafanyakazi wa Tanganyika walikuwa na shirikisho lao la vyama, TFL, na Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu. Hakuna mtu aliyewaletea umoja huo kwa sahani. Shirika moja mjini Moshi limekuwa tangu mwaka 2003 likiwaazima wapagazi makoti na viatu bila malipo, nasi twalipongeza kwa moyo wote. Lakini koti la kuazima hurudishwa, na mkataba ni wako hata mlima ukiwa mtupu.

Na wanachama wetu wa Moshi, Hai, Rombo na Siha tungependa kuwauliza waziwazi: ni matawi mangapi ya Chama yaliyopata kuitisha mkutano wa wapagazi kwa ajili ya mambo yao, wala si kwa ajili ya kura? Masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni hupungua, na wagumu hurudi kwenye migomba na kahawa ya wazazi wao. Huo ndio wakati wa kuwakuta majumbani, Marangu, Machame na Umbwe, wametulia, wakaweza kukaa na kukubaliana juu ya karatasi hiyo na kiwango hicho, kabla Juni haijafika na magari hayajaanza tena kupanga foleni langoni.